Nani ni mkaaji wa avenyu? Mazungumzo juu ya kuegesha magari na pikipiki mbele ya nyumba zetu

Maneno haya tuliyasema katika mkutano wa machefu wa avenyu, wajumbe wa familia zilizokimbia vita na wawakilishi wa motari, mjini Bunia. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa. Tumeondoa majina tu.

Tunajua kwamba kila mmoja aliyeketi hapa ameacha kazi ya siku, na kwa wengi wenu kazi ya siku ndiyo chakula cha jioni. Kwa hiyo tutajaribu kusema yaliyo ya lazima.

Mlipopata barua ya mwaliko, wengine waliuliza: shirika la amani lina kazi gani na mambo ya parkingi? Watu wameuawa, familia zinalala chini ya bashi, watoto hawasomi, na ninyi mnatuita kuzungumza pikipiki isimame wapi? Swali hilo ni la haki. Tumewaita kwa sababu kwenye avenyu moja ya mji huu, ambayo hatutaitaja jina, karatasi ya mstari mmoja juu ya parkingi ilikaribia kuzitoa familia kadhaa katika nyumba zilizowapokea. Hakuna aliyebeba silaha wala kikundi kilichoingia mjini. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye mti wa mwembe karibu na bomba la maji.

Avenyu yenyewe iko hivi. Ni ya udongo, kama nyingi za Bunia nje ya Bulevari ya Libération na barabara kubwa chache. Upande mmoja kuna shule ya msingi, mbele kidogo kuna kituo cha afya, na kwenye kona kuna bomba. Kabla vita havijaanza upya Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, parsele moja ilikuwa na familia moja, mara nyingine mbili. Kuanzia mwaka 2018 ndugu walifika, wengine kwa miguu, wengine juu ya magari ya mizigo, wakapokelewa na jamaa zao. Wengine walipita kwanza kwenye makambi ya mji, kama lile la ISP na lile la Kigonze, halafu wakatafuta chumba cha kupanga. Kiwanja cha ndani, ambacho zamani kilikuwa cha kuanika mihogo mchana na kuingiza pikipiki usiku, kikajengwa vyumba vya mbao na mabati. Watu wakapata mahali pa kulala. Pikipiki ikabaki nje.

Tunaomba mlishike vizuri jambo hilo. Watu wengi wa avenyu ile waliamini kwamba pikipiki zimejaa barabarani kwa sababu wageni hawana adabu. Ukweli ni kwamba zimejaa barabarani kwa sababu wenyeji walikuwa na moyo. Mwenyeji aliyekubali kujaza kiwanja chake kwa vyumba, kwa huruma au kwa kodi ya nyumba, ndiye aliyeisukuma pikipiki nje ya lango. Hatusemi hivyo kwa kumlaumu. Tunasema ili tatizo lionekane ni la parsele zote.

Na pikipiki ni nini kwa kijana aliyekimbia? Shamba limebaki kule, ng'ombe wameporwa au wameuzwa kwa bei ya kutupa, na mjini hakuna ofisi inayomngoja. Anaikodi pikipiki kwa mwenye nayo na kumpelekea fedha kila jioni, au familia nzima inachanga ili inunuliwe moja. Bunia inajua historia hiyo tangu zamani. Baada ya programu ya kuweka silaha chini iliyoanza Ituri mwaka 2004, vijana wengi waliotoka katika vikundi walishika kazi ya taksi ya pikipiki, na wengi wao ni wababa wa familia leo. Kazi hiyo imewatoa vijana porini kuliko hotuba nyingi, na hotuba zetu tunazihesabu humo. Mtu akiigusa parkingi, aelewe anagusa nini.

Sasa tuseme lililotokea. Usiku mmoja kituo cha afya kilihitaji kumpeleka mama mjamzito kwenye hospitali kuu. Gari lilikuja, likaingia upande wa shule, likakwama. Mbele yake kulikuwa na malori mawili aina ya Fuso, moja kulia na moja kushoto, na kati yao pikipiki mbili. Wanaume walimbeba yule mama juu ya godoro hadi kona nyingine, gari likazunguka, wakaondoka. Alijifungua salama, asante Mungu. Lakini asubuhi hasira ilikuwa kubwa, na hasira hiyo haikuyaendea malori. Iliziendea pikipiki.

Kesho yake mawe yalipangwa mbele ya malango ili mtu asiegeshe. Ndugu zetu, katika mji huu jiwe barabarani si jiwe tu. Waliokuwa hapa Mei 2003 wanakumbuka barieri zilivyoukata mji, na wanakumbuka kuulizwa wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Wageni walipoona mawe yamepangwa mbele ya nyumba za wenyeji, hawakusoma humo kanuni ya barabara. Mama mmoja alituambia kwamba alianza kufunga nguo za watoto katika kitambaa, kwa sababu kule alikotoka mambo yalianza hivyo hivyo. Usiku wa tatu magurudumu ya pikipiki nne yalichomwa kwa msumari. Usiku wa nne jiwe lilirushwa juu ya bati la nyumba ya mwenyeji. Ndipo karatasi ikabandikwa: «Parkingi ni ya wakaaji wa avenyu tu.»

Aliyeiandika, na tumezungumza naye mara nyingi, hakuwa na nia mbaya. Alitaka kutuliza mambo. Alifikiri ni haki kwamba mahali mbele ya nyumba pawe pa mwenye nyumba. Wazo hilo liko katika miji mingi ya dunia. Ndugu zetu walioko Bruxelles wanajua kwamba kule mkaaji anaomba kadi ya kuegesha gari kwenye mtaa wake, na kadi hiyo inafuata anwani iliyoandikwa kwenye komini. Lakini kule karibu kila mtu ana anwani iliyoandikwa kwenye komini, hata aliyehamia mwezi uliopita. Hapa kwetu tunauliza nini? Tunaomba karte ya mpiga kura, maana ndiyo karatasi ambayo wengi wetu tunajitambulisha nayo. Na karte ya ndugu aliyekimbia inasema kijiji chake cha Djugu. Anaweza kuwa amelala kwenye avenyu hii miaka sita, ameshiriki salongo kila Jumamosi, amezika mtoto hapa, na karte yake inasema yeye ni wa mahali ambapo nyumba yake imeungua.

Kwa hiyo mstari ule mmoja, ambao ulionekana kuwa wa pikipiki, ulikuwa umeanza kujibu swali jingine: nani ni wa hapa na nani si wa hapa. Na mara jibu likikubaliwa kwa pikipiki, linatembea. Siku mbili tu baada ya karatasi kubandikwa, kwenye bomba mwanamke aliambiwa angoje wakaaji wachote kwanza. Mwenye nyumba mmoja naye akawaambia wapangaji wake kwamba kama hawana haki ya kuegesha, basi yeye naye hana uhakika kama ana haki ya kuwapangisha. Hapo ndipo tulipoitwa.

Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 30, inasema kila mtu aliye katika nchi ana haki ya kutembea humo kwa uhuru na kuweka makao yake humo. Haisemi mwenye parsele peke yake. Na Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinaanza kwa kusema kwamba aliyekimbia ndani ya nchi yake anabaki na haki sawa na wananchi wenzake. Mbele zaidi, katika kanuni ya 22, zinasema ana haki ya kushiriki sawasawa katika mambo ya jamii anamoishi. Mambo ya jamii ni pamoja na mkutano wa avenyu, hata ule wa kuzungumza pikipiki isimame wapi.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu ambalo hasira ilikuwa imelifunika. Mwenye malori yale mawili ni mkaaji wa avenyu. Ni mzee anayeheshimiwa, na alistahili kuheshimiwa, kwa kuwa wakati wa shida lori lake lilibeba watu bila kudai fedha. Yanaleta mbao kutoka upande wa Mambasa na samaki kutoka Kasenyi na Tchomia. Kwa kufuata karatasi ile, malori yake yangebaki palepale, kulia na kushoto, na pikipiki za wapangaji zingeondoka. Usiku mwingine gari la wagonjwa lingefika na kukwama vilevile.

Hapo sisi hatukuhubiri. Tulileta kamba na mita ya fundi. Tuliwaomba vijana wawili, mmoja wa wenyeji na mmoja wa waliokimbia, wapime avenyu kutoka mtaro hadi mtaro, na watu wote waangalie. Ilikuwa mita sita. Fuso ikiwa na bodi yake inachukua upana wa mita mbili na nusu hivi. Weka moja upande huu na moja upande ule, imebaki mita moja. Gari la wagonjwa lenye upana wa karibu mita mbili halipiti hapo, hata dereva awe fundi namna gani. Weka Fuso moja tu, zinabaki mita tatu na nusu, gari linapita na mtu mwenye ndoo kichwani anapita kando yake. Pikipiki nayo tuliipima. Ikiegeshwa ubavu kwa ukuta inachukua chini ya mita moja ya njia. Ikiegeshwa huku mkia umetokeza barabarani inachukua mita mbili. Yaani pikipiki moja iliyowekwa vibaya inakula njia karibu sawa na lori.

Tuliona nyuso zikibadilika pale. Mzee wa malori alikaa kimya, halafu akaomba wapime tena. Wakapima tena. Ilikuwa mita sita ileile. Kamba haikumtuhumu mtu. Tangu siku hiyo mazungumzo yalihama kutoka «nani aegeshe» na kuwa «wapi na kwa namna gani». Kama mtakumbuka jambo moja la mazungumzo haya, tungependa liwe hilo la kamba. Ni bei ya kamba tu.

Haikwenda moja kwa moja hata hivyo. Katika mkutano wa kwanza walizungumza wanaume wenye parsele, na motari walisimama nyuma kama washtakiwa. Wamama hawakusema neno. Tuliomba kuonana na wamama peke yao, chini ya kivuli cha kituo cha afya, wenyeji na waliokimbia pamoja. Yakatoka mambo ambayo hakuna mwanaume aliyeyataja. Wauza mandazi walisema parkingi ya motari ikiondolewa kabisa, wao nao wamekwisha, maana wateja wao wa saa kumi na mbili asubuhi ni motari na abiria wao. Wamama wa shule walisema wao hawaogopi pikipiki iliyosimama, wanaogopa inayogeuka ghafla mbele ya lango watoto wanapotoka. Na mama mmoja mzee akasema kwa sauti ndogo kwamba yule kijana muuza esansi, mmoja wa hao tunaowaita Kadhafi, anapanga chupa zake kando ya pikipiki, na pembeni yake kuna jiko la makala la mandazi. Watu wote walikuwa wanapita hapo kila siku! Jambo la hatari kuliko yote kwenye avenyu lilikuwa bado halijaandikwa katika karatasi yoyote.

Sasa kuna swali ambalo machefu wengi mnatuuliza: chefu wa avenyu ana uwezo gani katika jambo hili? Tuseme wazi, ingawa wengine haitawafurahisha. Barabara zote za nchi, za lami na za udongo, ziko chini ya sheria ya barabara, nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Sheria hiyo inatofautisha kusimama kwa muda mfupi, ili mtu apande au mzigo ushuke, na kuegesha, yaani kuliacha gari pale. Tofauti hiyo ni ya faida kubwa kwenye avenyu. Mnaweza kukataa lori lisilale bila kulikataza lisishushe mbao. Kisha, kwa katiba na kwa sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya mamlaka za mitaa, mji na komini ndizo zenye utu wa kisheria. Kartye na avenyu hazina. Arete juu ya barabara inatoka kwa meya au kwa mkuu wa komini, si kwa chefu wa avenyu. Na tangu hali ya dharura ilipotangazwa Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi wa Mei 2021, na maofisa wa jeshi na polisi kuwekwa kwenye uongozi, ilizidi kuwa muhimu kujua kila jambo linapelekwa mlango gani, ili maafikiano ya raia yasionekane kuwa uasi.

Je, chefu hana kazi basi? Anayo kubwa. Ndiye anayewakutanisha watu, ndiye anayeandika mapatano yao, ndiye anayeyapeleka komini na kufuatilia hadi yajibiwe. Lakini hawezi kutoza faini. Hapo tusifichane. Kwenye avenyu nyingi, kanuni mpya ya parkingi inazaa kijana mwenye jeton na daftari, anayedai fedha kwa kila pikipiki, na hakuna anayejua fedha zinalala wapi. Katiba katika ibara ya 174 inasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Kama motari wanakubaliana wenyewe kuchanga fedha za mlinzi, hayo ni makubaliano yao na daftari ni lao. Kama mtu anasimama njiani anadai, huyo ameweka barieri, hata awe na tabasamu. Na anayedaiwa mara nyingi kuliko wengine ni yule asiyejua kwa nani aende kulalamika, yaani aliyefika jana.

Mapatano ya avenyu ile yalichukua mikutano mitano. Karatasi ya zamani aliiondoa aliyeibandika, kwa mkono wake, na hatukumwomba afanye hivyo mbele ya watu. Mpya iliandikwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Neno «wakaaji» halimo. Kila aliyelala kwenye avenyu, kwa kodi, kwa undugu au kwa hati ya parsele, anafuata kanuni ileile. Magari na pikipiki huegeshwa upande mmoja tu, upande usio na shule, na upande wa pili unabaki wazi usiku na mchana. Mbele ya kituo cha afya hapaegeshwi kitu. Pikipiki inakaa ubavu kwa ukuta. Lori linaweza kushusha mzigo wakati watoto wako darasani, halafu liondoke.

Liende wapi? Hilo ndilo lililokula mikutano mitatu kati ya mitano, na ilifaa liile. Kumwambia mtu «ondoa» ni rahisi. Motari waliuliza, na waliuliza kwa haki: mkituondoa, usiku nani atalinda? Pikipiki ikiibiwa, kijana aliyeikodi anabaki na deni ambalo hatalimaliza. Mwishoni parokia ya jirani ilikubali kufungua kiwanja chake kuanzia magharibi hadi alfajiri, na motari wakamchagua mlinzi wanayemlipa wao. Walimchagua mzee aliyekimbia kutoka Djugu, ambaye hata hivyo hapati usingizi, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa siku mbili za kwanza wenyeji wachache walikataa kuziacha pikipiki zao chini ya ulinzi wake. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi wakazikuta zimefunikwa kwa bashi. Hawakusema kitu. Wakaendelea kuzileta.

Esansi ilihamishwa hadi kona ya pili, mbali na majiko. Kijana yule alinung'unika kwamba wateja watampungukia, na kweli walimpungukia mwanzoni. Motari walikubaliana kununua kwake kabla ya kwenda kwingine. Sijui kama sheria yoyote ingeweza kuwalazimisha hilo, alisema chefu, nasi tulikubaliana naye.

Tunajua kwamba wengi mlioko hapa mtarudi kwenye avenyu zenu na kukuta mambo mengine kabisa. Pengine kwenu hakuna parokia yenye kiwanja. Pengine chefu wenu ndiye mwenye malori. Kwa machefu tunaomba hivi: kabla ya kuandika kanuni, tembeeni avenyu mara tatu, asubuhi watoto wanapoingia shuleni, mchana, na usiku saa nne, kwa maana avenyu ya mchana na avenyu ya usiku ni mbili. Jambo la kuzuiwa likipatikana, tafuteni kwanza mahali pa kulipeleka, ndipo mkataze. Msisaini karatasi iliyo na maneno «wageni», «wazawa» au «wakaaji tu», hata mkisukumwa na watu wenu. Andikeni mita, saa na mahali.

Kwa ndugu mliokimbia: njooni kwenye mikutano. Tunajua kwa nini hamji. Mnaona haya, mnasema sisi ni wapangaji, tukisema sana mwenye nyumba atakasirika. Lakini mkikaa nyumbani, kanuni itaandikwa na wale waliokuja, na itawakuta mlangoni. Kama mmoja mmoja ni vigumu, chagueni watu wa kuwasemea, na mmoja wao awe mama. Pia kumbukeni kwamba mwenyeji aliyegawa kiwanja chake amechoka. Miaka ni mingi. Kumsaidia kufagia mtaro mbele ya lango lake kunasikika masikioni kuliko ibara ya 30, ingawa ibara ya 30 ni yenu na msiiachilie.

Na ninyi vijana wa motari, mna nguvu mjini na mnajua hivyo. Pikipiki ishirini zikija pamoja mbele ya nyumba ya mtu, hata kama mmekuja kuomba, yeye anaona jeshi. Tumeni wawili, kwa miguu.

Tulipotembelea avenyu ile mara ya mwisho, lori moja lilikuwa limelala tena upande wa shule. Mzee alisema tairi imepasuka na mpya haijafika kutoka Mahagi. Chefu alimwandikia siku mbili kwenye daftari, mbele ya mashahidi, na kijana wa wapangaji akapaka chokaa mistari kuonyesha njia inayobaki. Komini ilikuwa imepokea mapatano na kuweka muhuri wa kupokea, lakini arete yenyewe ilikuwa haijatoka. Wamama wa mandazi wameomba mkutano wa sita, juu ya pikipiki zinazogeuka mbele ya lango la shule, kwa sababu hilo hadi sasa hakuna aliyelipatia dawa. Mkutano utakuwa Jumamosi baada ya salongo, chini ya mwembe, na wameomba kamba irudi.